Jina Kwenye Kava

Specioza alikuwa anapunguza sauti ya ngoma kwenye wimbo wa mwisho wa albamu yake, ili fundi wa sauti wa Mwanza apate nafasi ya kuusafisha. Kabla hajamaliza, fundi huyo akapiga simu.

"Nipe huyo jamaa aliyetengeneza midundo."

"Ni mimi."

Fundi akacheka. "Sawa, dada. Ila kwenye kava tutaandika jina la mumeo. Midundo ya mwanamke wa Bariadi nani atanunua?"

Sauti yake ilisikika hadi mlangoni, aliposimama mumewe. "Kubali tu," mumewe alisema. "Si jina tu?"

Specioza akatazama ncha za vidole vyake, zilizoota sugu kwa miezi saba ya kubonyeza kinanda.

"Nakuja na kompyuta yangu," alimwambia fundi. "Utafanya kazi nimekaa pembeni yako."

Akakata simu, akachomoa nyaya, akaikumbatia kompyuta. Mumewe hakusogea mlangoni.

"Nipishe."