Sahihi ya Lemein

"Usiguse!" Caro alimpokonya Rebecca simu. "Kwanza tujue kama ni yeye au ni wakora."

Simu ilikuwa imeleta toleo jipya la programu inayowaonyesha wafugaji visima vyenye maji, kuanzia Kisaju hadi Mashuuru. Lemein, mume wa Rebecca, ndiye aliyeitengeneza, hapa hapa Kitengela, akibanana na Caro kwenye meza moja. Kisha mafuriko ya mwaka jana yakasomba gari lake. Gari lilipatikana. Lemein hakupatikana.

Mwezi huu wazee wakasema yatosha, jina lake lisitajwe tena, kama ilivyo desturi kwa waliokufa. Siku hiyo hiyo mama yake, ambaye wote walimwita yeyo, yaani mama, na aliyekuwa amelazwa hospitali Kajiado, akafunga mdomo. Hali, hanywi. Daktari alisema akiendelea hivyo, wajiandae.

"Yeyo anangoja neno lako," Rebecca alisema. "Ati wewe hujui kudanganya."

"Mimi? Aulize landlord wangu."

Caro akaunganisha simu na kompyuta. "Kila toleo alikuwa analitia sahihi ya siri. Ni kama alama ya moto kwa ng'ombe, ila hii hakuna mwizi anaweza kuiga. Lazima uwe na ufunguo wake na neno lake la siri. Hata mimi alininyima. Nilimnunulia chapo, nikamtishia, wapi!"

"Angalia tu, Caro."

Caro akaangalia, akaangua kicheko. "Miezi yote hii, amebadilisha rangi ya kitufe kimoja tu! Uvivu huu naujua. Huyu ni Lemein kabisa."

"Baba Naserian hakuwa mvivu," Rebecca alisema, akimtaja mumewe kwa jina la binti yao.

"Mtaje jina, mama. Jina haliumi."

Rebecca akainamisha kichwa.

Mistari miwili ya herufi na tarakimu ikatokea kwenye kioo, wa zamani na wa sasa. Caro akaifuata kwa kidole, polepole. Akarudia. Kicheko kikamkauka, macho yakamjaa machozi.

"Ni yake," akanong'ona. "Rebecca, ni yake!"

Rebecca alikuwa ameshachukua simu ya Caro na kupiga hospitali. Nesi akaiweka karibu na sikio la mgonjwa.

"Yeyo, ni Caro. Sahihi ni ya Lemein. Imetiwa jana."

Yeyo akajikohoza.

"Unaapa?"

"Naapa, yeyo. Hakuna mtu mwingine anaweza kuitia."

"Huyo kijana," sauti ikasema, nyembamba kama uzi, "ataacha lini kusumbua watu?" Kisha wakamsikia akimgeukia nesi. "Lete uji. Na siyo ule wa maji maji. Weka maziwa."

Caro alicheka na kulia kwa pamoja. Akaanza kuondoa makaratasi yake upande wa meza aliokuwa akikaa Lemein. "Akirudi, mimi ndiye wa kwanza kumchapa. Wewe utapanga laini nyuma yangu."

Rebecca akamkumbatia, akamshikilia kwa muda mrefu.

"Nisamehe, Caro."

"Kwa nini sasa? Enda nyumbani, ulale. Umekonda."

Rebecca akaenda nyumbani Kisaju. Akafunga mlango wa chumbani, akafungua kompyuta ya mumewe yenye ule ufunguo, akaandika neno lake la siri na kuanza kuandaa toleo lingine. Yeyo angetaka kusikia tena kutoka kwa mwanawe.