Mfuko wa Kadi ya Fiacre

Pétronille aliichukua pochi mezani, akaigeuza mara mbili, kisha akaomba ichakazwe.

"Iko mupya sana, Papa Michée," alisema. "Ile ya Fiacre ilikuwa imezeeka. Nataka ifanane na ile."

Gaspard, aliyeitwa Papa Michée kwa jina la mwanawe, alikuwa ameshona pochi za ngozi kwa miaka ishirini na miwili katika kibanda chake pale Bunia, na hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo. Hata hivyo hakuuliza. Mtaa mzima ulijua kwamba watu wenye silaha walikuwa wakimtafuta Fiacre, mwana wa pekee wa mama huyu, na kwamba kwa wiki mbili sasa hajaonekana. Mama aliyepotelewa anaweza kuomba hata jambo lisilo na kichwa wala miguu.

Naye Gaspard alikuwa amepotelewa. Siku kumi na moja zilizopita Michée wake aliondoka na pikipiki, amebeba abiria wa njia ya Mongbwalu. Pikipiki ilionekana kando ya barabara. Michée hakuonekana. Siku za mwanzo Gaspard aliomba kwamba arudi. Sasa aliomba kitu kimoja tu: ampate, amzike kwa jina lake, asitupwe katika shimo la wasiojulikana.

"Bado sijatia mifuko ya karte," alisema. "Unataka ngapi?"

"Tatu, kama ile. Lakini ya juu ibane. Karte isitoke."

Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa kadi ya mpiga kura ya Fiacre.

Gaspard aliitazama. "Alienda bila karte?"

"Alienda bila kitu."

Alishangaa kidogo. Siku hizi kijana haendi hata kisimani bila kadi yake. Lakini alishika kisu.

Alikata vipande viwili kwa umbo la herufi T, mabega ya kushonwa pembeni, mguu wa kuzama chini ya mfuko unaofuata. Cha tatu alikiacha kizima. Akazikwangua kingo mpaka zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, kwa maana mifuko mitatu ikipandana bila kukwanguliwa, pochi huvimba kama chura. Alishona chini ya mfuko wa kwanza, akashuka upana wa kidole, akaweka wa pili, kisha wa tatu. Kwa kawaida aliacha nafasi kidogo kila upande ili kadi iteleze. Safari hii hakuacha. Aliilowesha ngozi, akaisukuma kadi kwa mpini wa kijiko, akaikandamiza ngozi juu yake mpaka ikashika umbo lake. Uso wa Fiacre ulizama polepole.

"Na kama inaanguka mu maji?" Pétronille aliuliza.

"Ngozi ikilowa, inashika zaidi. Mpaka uikate na kisu."

"Basi vizuri."

Gaspard akaipaka pochi mafuta na majivu, akaikunja na kuikunjua. Pétronille hakuridhika. Aliinama mwenyewe kwenye mtaro, akachota matope, akaisugua nje na ndani.

"Ee, Papa Michée!" Vicky, muuza vocha wa kibanda cha pili, alipiga kelele. "Siye tunatoa matope kwa viatu, weye unatia kwa porte-monnaie! Ni mode mupya?"

Pétronille aliifunga pochi kwenye kitenge, akasema aksanti, akaondoka kwa haraka.

Vicky alisogea, akapunguza sauti. "Unisamehe, papa. Lakini sikia. Kuna mwili moja ilitoka mu muto Shari juzi. Kijana. Iko kwa morgue. Enda uangalie."

"Kesho," Gaspard alijibu.

Aliogopa kwamba ndiye. Aliogopa pia kwamba siye. Alifika kesho yake baada ya misa, amevaa shati lake jeupe.

"Umechelewa, muzee," mlinzi wa chumba cha maiti alimwambia. "Wenyewe walikwisha kumuchukua. Uso maji ilikwisha kula, lakini jana mama mumoja alikuja kumuangalia, akatoa porte-monnaie mu mufuko yake, na tulimujua kwa karte. Fiacre. Wako kwa makaburi saa hii."

Gaspard aliikumbuka pochi, na mguu aliozaliwa nao Michée. Kisha akauliza, "Mguu ya kushoto, uliiona?"

"Niliiona. Vidole viwili vimeshikana, sawa ya bata." Mlinzi alimkazia macho. "Unamujua?"

"Namujua."

Makaburini walikuwa wamekwisha kurudisha udongo. Pétronille alikuwa ameushika msalaba wa mbao wenye jina la Fiacre, wanawake wanaimba nyuma yake. Wanaume wawili walisimama kando, hawaimbi. Gaspard aliwajua, kama mtaa wote ulivyowajua. Ndio waliouvunja mlango wa Pétronille mara mbili.

Pétronille alipomwona Gaspard akipenya kati ya watu huku akilia, aliacha kuimba.

"Tafazali," alisema, kwa midomo tu.

Mmoja wa wale wawili aligeuka. "Na weye muzee, unalia nini? Huyu ni nani yako?"

Gaspard aliitazama mikono ya Pétronille juu ya msalaba.

"Ni mutoto wangu," alisema.

Yule mtu alicheka. "Wazee ya hapa! Kwao kila kijana ni mutoto yao." Akampiga mwenzake begani. "Twende. Fiacre amekwisha."

Gaspard alingoja mpaka mlio wa pikipiki yao ukapotea. Ndipo alipopiga magoti chini ya msalaba wa Fiacre, akamwita Michée.