Somo la Nice

"Umepotea tena!" Mwalimu Ephraim alifoka mtandao uliporudi. "Mimi nimesharudi, wewe ndiyo kwanza unaingia! Huko kwenu intaneti mnailipia au mnaiombea?"

Kwenye kompyuta, kando ya kisanduku cheusi chenye jina Faida, maandishi yakatokea: Pardon, mwalimu. Connexion iko mubaya.

Mkongomani! Ephraim akasonya. Lockdown ilipoanza mwezi wa Juni, alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja wa Kiingereza. Sasa ni Septemba, watu wangali wamefungiwa ndani, na wote wamemtoroka mmoja mmoja. Amebaki huyu tu, asiyewasha kamera wala kufungua mdomo, eti maikrofoni imekufa. Chuo kilichomwajiri kilishamwambia wazi: akikosa mwanafunzi, darasa linafutwa. Bila darasa, mtu aliyefundisha miaka ishirini kule Machakos angegeuka mzee wa kushinda na nguo za kulalia hapa Merrylands, ughaibuni, analishwa na mke. Ndiyo maana alimvumilia.

"Leo tunasoma nice," akasema kwa madaha. "Chai nice, mvua nice, mazishi nice! Mnalipaka kila mahali kama siagi. Neno hili lilitoka Kilatini, nescius, mtu asiyejua kitu. Kwa Waingereza wa kale, ukiitwa nice umeitwa mjinga. Baadaye likawa mtu wa kuchaguachagua, ndipo likafika kwenye uzuri. Wewe, Faida, ni nice ile ya zamani. Umeelewa?"

Faida akaandika: Ndiyo, mwalimu. Merci kwa kutufundisha.

"Kutufundisha! Kwani mko wangapi humo?"

Akampa sentensi kumi za kutunga. Halafu swali likamponyoka: "Kesho utakuja, si ndiyo?" Sauti ilikuwa ya kuomba, akajichukia.

Nitakuja.

Aliiacha kompyuta ikiwaka, akaenda jikoni kuchemsha chai, roho ikimchemka pia. Mkewe, Mbula, alikuwa amerudi asubuhi kutoka zamu ya usiku kwenye makao ya wazee kule Minto, akajifungia chumbani kama kawaida yake saa ya darasa. Miezi mitatu sasa, hajauliza hata siku moja mumewe amefundisha nini. Lakini mtu wa kubadilisha wazee nepi ataambiwa nini habari ya maneno? Ephraim akausukuma mlango wa chumbani kwa goti, kikombe mkononi, amwambie hivyo hivyo.

Mbula alikuwa amelala na yunifomu yake ya kazi, mdomo wazi, kalamu ingali vidoleni. Kwenye daftari kifuani pake zilikuwepo sentensi mbili za nice, ya tatu imekatikia njiani. Simu yake iliegemea mto. Kwenye kioo chake kilionekana kiti cha Ephraim pale sebuleni, kitupu, na pembeni kisanduku kidogo cheusi chenye jina Faida.