Dole la Marehemu

Bi Zuhura alikuwa akimwosha jirani yake aliyefariki, mara mpwa wa marehemu akaupiga teke mlango, karatasi na kidau cha wino mkononi.

“Mlaanifu! Humu haingii mwanamume!”

“Dole moja tu, Bi. Nitasema alinipa nyumba kabla hajafa.”

Akaunyakua mkono wa maiti, akalichovya dole gumba. Bi Zuhura akamtwanga birika la shaba usoni, tena na tena, hadi meno yakaangukia karatasi na yeye akatambaa nje akilowa damu.

Wino ulisuguliwa, haukutoka. Akamvika sanda hivyo hivyo.

Nyumbani, mkwewe alimpokea kwa upole. “Pole na msiba, mama. Hivi hati ya nyumba yako unaiweka wapi?”

Bi Zuhura akaketi jikoni, akapuliza makaa hadi yakaiva, akayanyooshea dole gumba lake, alama yake iungue.