Marehemu Hana Haraka

"Ni mbali kiasi gani, mwanangu?" mama aliuliza tena, kabla hata magurudumu hayajaacha ardhi.

"Kilomita mia mbili na ushee," rubani akamjibu. "Tukikata juu ya milima, dakika hamsini."

Kwenye kindege walikuwa wao wawili tu, na jeneza. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa ili lipate nafasi. Askari wa uwanjani walitaka kulifungua. Mama akajitupa juu ya kifuniko, akalia mpaka mkubwa wao akavua kofia na kugeuza uso. Karatasi za hospitali zilisema kijana wake alikufa Jumatatu, siku tatu nyuma. Sasa alikuwa anapelekwa kwa wajomba zake, ng'ambo ya mpaka.

Abiria walimwita rubani huyu Taratibu, maana alitua kama anayelaza mtoto. Jina lenyewe alilipenda.

Mbele yao mawingu yalikuwa yamefunika milima, meusi tititi. Angeweza kuyapasua, alishafanya hivyo mara nyingi. Lakini alipogeuka na kumwona mama amepiga magoti, shavu juu ya ubao, midomo ikichezacheza, huruma ikamshika.

"Mama, nitazungukia upande wa bonde. Tutachelewa nusu saa hivi, lakini hutarushwarushwa."

Mama akainua kichwa kama aliyechomwa mkuki. "Hapana! Nyoosha, mwanangu. Pita humo humo."

"Humo mna radi."

"Acha ipige! Yumo humu tangu alfajiri."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, rubani akawaza. Akasema kwa upole, "Mama yangu, marehemu hana haraka." Akakata kushoto.

Mama akafungua kinywa kama mwenye neno. Macho yake yakaangukia redio iliyokuwa ikikoroma karibu na goti la rubani, ikileta sauti za uwanja waliotoka. Akakifumba.

Walipokuwa katikati ya bonde, kitu kikagonga nyuma. Kimya. Kikagonga tena, safari hii kwa kasi. Nywele zikamsimama Taratibu. Alishasafirisha maiti wengi, lakini hakuwahi kuogopa kugeuza shingo kama siku hiyo. Akajiambia ni mikanda ya mizigo imelegea. Mama naye akaanza kuimba kwa sauti kubwa, wimbo wa kubembelezea mtoto, machozi yakimtiririka.

Baadaye mlio ule ukakoma. Rubani akashusha pumzi, akamshukuru Mungu.

Walitua bila hata mtikisiko. Injini haijazima, mama alikuwa ameshachomoa bisibisi kifuani na kuanza kufungua skrubu. Taratibu akamkimbilia amzuie. Alishaona msiba ukimtoa mtu akili.

Hakuwahi. Kifuniko kikaanguka.

"Inuka, baba," mama akasema. "Tumeshavuka. Hawakupati tena. Inuka."

Rubani akapiga magoti, akaushika mkono uliokunjwa ngumi. Mapigo hakuyapata, lakini ulikuwa bado na joto, na usoni pa marehemu jasho lilikuwa halijakauka.