Buluu ya Digrii Nne

"Hii ndiyo yote?"

Mama Blanketi alikuwa ameshika kidonge cha uzi wa buluu kisichofika hata ukubwa wa limau. Alipekua kikapu cha mabaki mara ya tatu, mkono mzima ndani, akatoka na nyekundu, njano na kijani. Buluu iliyokolea, hakuna.

"Umeimaliza wewe mwenyewe, dada," alisema muuza nyuzi. "Wiki kumi, buluu, buluu, buluu! Kwani huyo mwanao anaishi ndani ya friji?"

Alicheka peke yake. Mteja wake aliinamia tena kikapu.

Jina la Mama Blanketi alipewa na muuza nyuzi, ambaye la kweli hakulijua, na nyumbani kwake pia hakupajua. Alichokijua ni blanketi. Tangu mwanawe aende kufanya kazi nchi ya mbali, mama yule alifuma mstari mmoja wa kroshia kila siku, kwa rangi ya joto la huko alikokuwa kijana. Digrii ishirini na kitu, nyekundu. Kumi na kitu, kijani. Chini ya tano, buluu iliyokolea. Kila asubuhi kijana alipiga simu akamtajia. Mabaki yalitosha, kwa sababu mstari mmoja hauli uzi mwingi.

Muuza nyuzi alimwonea wivu, tusidanganyane. Binti yake mwenyewe aliondoka miaka miwili iliyopita baada ya ugomvi wa kipuuzi, na tangu siku ile hata salamu. Sweta ya buluu aliyomfumia ilikuwa bado inaning'inia ukutani pale dukani, na kikaratasi kimebandikwa kifuani: HAIUZWI. Mwenzake anatajiwa mpaka baridi ya huko, na yeye hajui hata mwanawe yuko mji gani! Roho ilimuuma kila blanketi lile lilipofunguliwa mezani.

"Kwa hiyo leo pia nne?"

"Nne. Na jana nne. Haipandi, haishuki."

"Na bado anakupigia kukwambia yale yale! Una bahati wewe."

"Siku hizi nampigia baba mmoja wa huko, ndiye anayenisomea kipimo. Ana moyo mzuri. Hajanichoka."

"Basi mwanao kabanwa na kazi. Vijana ndivyo walivyo. Mradi yuko mzima."

Mama Blanketi alifungua mdomo, lakini kumsubiri mtu ajibu hakukuwa kawaida ya muuza nyuzi. "Haya, anarudi lini?"

"Karatasi ndizo zilizokuwa zimekwama. Muhuri huu ukipatikana, ule hakuna. Sasa zimekamilika. Anafika Jumamosi asubuhi." Alikigeuza kile kidonge kiganjani. "Nimebakiza mistari sita, na wa Jumamosi yenyewe humo humo. Nilimwahidi atajifunika siku atakayofika. Sitaki afike halijaisha, mdogo wangu. Sitaki kabisa."

Machozi yalimdondokea kwenye nyuzi. Muuza nyuzi, ambaye kwa utani hakuna aliyemweza sokoni, aliuweka utani kando. Yeye pia alijua kumsubiri mtoto kunavyomla mtu ndani kwa ndani.

Alipanda kwenye kigoda, akaiteremsha sweta.

"Si imeandikwa haiuzwi?" Mama Blanketi alimshika mkono.

"Siiuzi. Nakupa."

Alikata mshono wa begani, akatafuta ncha, akavuta. Mkono wa kwanza ulifumuka taratibu, mstari baada ya mstari. Moyo wake ulikuwa unavunjika na hakuuficha. Alilia waziwazi huku akiviringa donge, na Mama Blanketi akakaa naye, akiunyoosha uzi kwa vidole. Wateja wawili walichungulia, wakaenda zao.

"Nielekeze kwako," alisema muuza nyuzi walipomaliza, akipangusa pua. "Jumamosi nije nimwone huyo kijana kwa macho yangu."

Mama Blanketi alimtajia mtaa na kona. "Njoo. Siku hiyo nitahitaji watu."

Jumamosi muuza nyuzi hakufungua duka. Alivaa gauni lake la maua, akatia kwenye mkoba donge la mkono wa pili, endapo la kwanza halikutosha. Njiani alijipangia maneno ya kumwambia kijana: shika simu umpigie mama yako mwenyewe, usimwachie mtu baki. Mama anakusubiri kuliko unavyodhani, tena hakumaanisha mama yule peke yake.

Alipokunja kona alikuta viatu vimejaa mlangoni na watu wamekaa kwenye mabenchi mpaka nje ya ua. Akafurahi kwamba hakuchelewa. Mbona wamepoa hivi? Labda gari lilikuwa halijafika.

Lilifika muda ule ule, likarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Watu wote wakasimama. Mama Blanketi akatoka ndani na blanketi limekunjwa kifuani, nyekundu na kijani zikichungulia, kisha buluu tupu mpaka ukingoni.

Wanaume sita wakafungua mlango wa nyuma wa gari, wakavuta sanduku refu, na kabla hawajaliinua mabegani mama alikuwa ameshalifunika lote.

"Siku sabini na tano kwenye friji ya digrii nne, mwanangu," alisema, akilichomekea pembeni. "Sasa basi."