Matone ya Doto

"Wivu? Mimi hata nikikutana nao njiani siujui," Kulwa aliwaambia mashoga zake, nao maskini wakamwamini.

Sheria iliruhusu pacha mmoja tu afunguliwe DNA yake, ili watu wawatofautishe. DNA yao ilikuwa moja, imezungushwa kwenye vibonge vya protini kama uzi kwenye bobini, na pale ilipokazwa sana mwili haukuweza kuisoma. Doto ndiye aliyepewa matone yenye protini ya kuilegeza, pale palipojificha sauti ya marehemu bibi yao. Basi Doto akawa anaimba kwenye harusi zote za mjini. Kulwa, na sauti yake ya kukwaruza, akawa anambebea mkoba.

Mpaka siku alipoanza kuyanywa yeye yale matone, na chupa ya Doto akawa anaijaza maji.

Asubuhi moja, akisugua masufuria, wimbo ukamponyoka, mtamu mpaka akajishangaa.

"Doto mwanangu, leo umeamka na bibi yako," mama akasema kutoka sebuleni. "Hebu rudia hapo."

Kulwa akageuka. Doto alikuwa amesimama mlangoni, mswaki mkononi, akimtazama.

"Siyo mimi, mama," alisema Doto, kwa sauti ya kukwaruza ambayo Kulwa aliijua vizuri mno.